Lebo ya kwanza iko sebuleni

Ukiwauliza vijana wa Mbeya wanaojitungia nyimbo na kuziimba wenyewe adui yao ni nani, wengi watakutajia lebo, yaani kampuni zinazosimamia wasanii, za Dar es Salaam. Watakusimulia mikataba mirefu, asilimia zisizoeleweka, na msanii aliyeondoka akaziacha nyimbo zake ofisini kwa watu. Mfano uko karibu. Rayvanny, mtoto wa Mbeya aliyezaliwa mwaka 1993, alitwaa tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2017 akiwa chini ya WCB, lebo ya Diamond Platnumz, akaanzisha lebo yake ya Next Level Music mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatangaza kuondoka WCB. Tangu hapo kila kijana mwenye gitaa kuanzia Nzovwe hadi Uyole ana maoni yake kuhusu kusaini na kujitoa. Kujitegemea kumekuwa sifa. Ukitambulishwa jukwaani kuwa wewe ni msanii huru, unapigiwa makofi kabla hujafungua mdomo.

Kuna kundi moja ambalo mjadala huu unalipita kando. Ni watoto wa walimu wa kwaya, wajukuu wa wapiga ngoma, wapwa wa wapiga gitaa la solo wa bendi zilizokufa zamani. Wengi wao hawajawahi kushika mkataba wa lebo mkononi, na ukiwauliza watakwambia wako huru kabisa. Mimi naona walizaliwa wamesainiwa. Lebo yao iko sebuleni, mkurugenzi wake ni baba au baba mkubwa, mhasibu wake ni shangazi, na masharti yake hayajaandikwa popote. Ni lebo nzuri kuliko nyingi za mjini, hilo nitalisema wazi. Lakini ni lebo, na anayetoka humo akidhani hana deni wala mdai huja kushtuka wimbo wake wa kwanza unapoanza kuleta hela.

Tuanze na kile inachotoa, maana ni kingi. Watu wa huku Nyanda za Juu Kusini hupenda kusema kipaji kiko kwenye damu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Siamini sana habari ya damu. Naamini ratiba. Nyumba ya mwalimu wa kwaya ina mazoezi jioni baada ya jioni, na mtoto husinzia kwenye mkeka huku sauti ya pili ikirudiwa mpaka ikae. Kabla hajasoma gazeti ameshajua do-re-mi za ubaoni. Anajua kwamba sauti ya tatu ikipanda kidogo tu wimbo wote unaharibika. Amemwona baba akivunja wimbo usiku na kuupanga upya kwa sababu watu wa besi wamesafiri kwenda kuvuna. Akifika miaka kumi na mitano amesikia maelfu ya makosa yakirekebishwa. Mwenzake aliyejifunza gitaa kwa video za simu ana bidii ileile, pengine ana masikio mazuri zaidi, ila hakuna aliyewahi kumwambia “rudia” usiku wa Jumatano akiwa na usingizi.

Shule hiyo ni ya zamani. Wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na Wamoraviani wakaweka makao yao Rungwe. Nyimbo za sauti nne na matarumbeta vikaota mizizi kiasi kwamba leo msiba wa mtu wa kanisa bila tarumbeta unaonekana haukutimia. Njombe na Iringa Walutheri walijenga kwaya zao, Tosamaganga Wakatoliki zao. Na kabla ya kanisa zilikuwepo ngoma, zilikuwepo ala. Wahehe walikuwa na ligombo, ile ala ya nyuzi ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliikuta na kuirekodi alipopita Tanganyika na mashine zake mwaka 1950. Rekodi zile zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki ya ILAM. Namshukuru Tracey kwa kuzihifadhi. Ila ni wajukuu wangapi wa wapigaji wale, pale Iringa, wanajua kwamba sauti ya babu yao ipo na inasikilizika?

Halafu ukaja muziki wa mshahara. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya umma ya kukata almasi, iliyotamba miaka ya 1980. Ndani yake walikuwemo mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na mtu akisikiliza zile sauti mbili zinavyoshikana ataelewa undugu unaweza kufanya nini kwenye muziki. Ni kitu ambacho prodyuza hawezi kukitengeneza kwa kompyuta. Vyombo vilikuwa vya kampuni. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania na kanda zikabaki redioni. Kampuni za umma zilipoyumba, bendi zake ziliyumba nazo, na mpiga gitaa akarudi nyumbani na vidole vyake tu. John Kitime, aliyepiga gitaa Tancut na baadaye Kilimanjaro Band, ametumia miaka mingi akipiga kelele kuhusu haki za wanamuziki, na nadhani si bahati kwamba kelele hizo zinatoka kwa mtu aliyepita kwenye bendi ya aina ile. Aliona kwa macho jinsi kazi inavyobaki na mwenye vyombo.

Sasa angalia nyumbani. Kinanda ni cha baba. Spika ni za baba mdogo, alizinunua alipokuwa Tunduma. Waitikiaji ni dada na binamu. Nyimbo nusu ni za babu. Hata watu wanaokuja kusikiliza wamekuja kwa jina la ukoo. Kila kitu ambacho msanii anayeanza angekwenda kukikopa kwa lebo, mtoto huyu amekikuta sebuleni. Kwa hiyo kila kitu ambacho lebo ingekuja kukidai, sebule nayo inaweza kukidai, tena bila mwanasheria wa kumwambia mahali pa kuishia.

Tuzungumze pesa, maana hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu Kusini tunapotofautiana na Dar es Salaam, na ndipo ushauri mwingi unaotoka mjini unapokosea. Mwimbaji anayejitungia, anayepiga gitaa au kinanda chake, hapa halishwi na klabu za usiku. Anakula harusini, kwenye sendofu, kwenye uzinduzi wa albamu, kwenye ibada za shukrani. Na shughuli hizo zinafuata mavuno. Mpunga wa Kyela na Mbarali ukishatoka shambani, mahindi yakiuzwa Makambako na Mbozi, kamati za harusi zinaanza kukaa. Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na kwa mwimbaji wa harusi huo ndio ukame wenyewe, ingawa mvua inanyesha. Hakuna lebo ya Dar iliyoipanga kalenda yake kwa mpunga. Familia ya muziki ya hapa imeshaipanga, tangu enzi za bibi.

Na kamati ya harusi haimpigii simu msanii. Inampigia mzee. “Mzee, tunaomba vijana wako Jumamosi.” Mzee ndiye anayetaja bei, ndiye anayepokea kianzio, ndiye anayekata nauli na chakula, na kinachobaki anakigawa kama posho kwa namna anayoona inafaa. Mara nyingi anagawa kwa haki kabisa, kwa kuangalia nani ana mtoto mgonjwa na nani ana ada ya shule. Hiyo ni haki ya kifamilia na ina uzuri wake. Lakini haina uhusiano wowote na nani ametunga wimbo ambao watu walisimama kuucheza.

Kisha kuna tunza. Asiyejua mambo haya anadhani malipo ya mwimbaji ni yale ya kamati. Siku ambayo wimbo umewagusa watu, noti zinazobandikwa kwenye paji la uso na kutupwa kwenye kapu zinaweza kuzidi malipo yaliyopangwa. Kapu linashikwa na shangazi. Usiku linahesabiwa, na hesabu yake ni ya wakubwa. Nimesikia mabinti wenye sauti za kutisha, watunzi wa nyimbo ambazo kila gari la abiria kati ya Tukuyu na Kasumulu linazipiga, wakizungumzia kapu hilo kwa sauti ya chini kama vile wanaiba. Kuuliza hesabu kwa shangazi ni utovu wa adabu. Kwa hiyo hawaulizi. Wanakuja kuuliza baada ya kuolewa, na wakati huo swali linakuwa na sumu.

Nisimame kidogo kwenye ndoa, kwa sababu ndipo mkataba huu usioandikwa unapoonekana sura yake halisi. Katika makabila mengi ya huku mtoto wa kike akiolewa anahamia ukoo mwingine. Anaondoka na nguo na vyombo. Je, anaondoka na nyimbo? Alizozitunga akiwa na miaka kumi na saba, kwenye kinanda cha baba, zikaimbwa na dada zake, zikarekodiwa kwa fedha za mjomba? Nyumbani watasema nyimbo ni za ukoo. Mume, ambaye jana hakujua hata studio iko wapi, leo anasema mke wangu ameibiwa. Wote wawili wanazungumza kana kwamba yeye aliyetunga hayupo chumbani. Kaka yake, aliyetunga nyimbo chache na mbaya zaidi, hakumbani na swali hili maishani mwake mwote.

Kwa upande huu habari ya akina Zawose inafundisha. Si watu wa kwetu, ni Wagogo wa Dodoma, lakini hakuna familia ya muziki wa asili Tanzania inayojulikana duniani kuwazidi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Kigogo mbali, na nyuma yake kukawa na ukoo mzima wa wapigaji na waimbaji. Wanawake wa ukoo huo walikaa miaka mingi nyuma ya jukwaa wakiitikia. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu yao kwa jina la Zawose Queens chini ya Real World Records, lebo ya Uingereza, wakiongoza wao. Watu waliishangilia kama ushindi wa wanawake, na ni ushindi. Mimi nilichokiangalia zaidi ni kwamba hawakuhitaji kuikana familia ili waongoze. Jina la ukoo liko pale pale, limebebwa na watu wengine.

Mfano mwingine ni wa akina Zorro: Zahir Ally Zorro, mwanamuziki wa bendi za zamani, na watoto wake Banana na marehemu Maunda, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2022. Kila mmoja alikuwa na sauti yake, nyimbo zake na hadhira yake. Mtu hakuchanganya wimbo wa baba na wa mwana. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka uje huku kwetu, kwenye nyumba ambazo kila kazi inatoka kwa jina la “Familia ya Mzee Fulani”, na hata mtangazaji wa redio hana jina la mtu wa kumtaja.

Wapo watakaoniambia yote haya yamepitwa na wakati, siku hizi kijana anaweka wimbo mtandaoni na kujilia chake bila mzee wala kamati. Nawaomba wapige hesabu. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, iliingia Tanzania mwaka 2021, na tangu 2024 haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube inataka chaneli ifikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo ikupe mgawo wa matangazo, na ile sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji wa Marekani inakatwa kodi ya huko hadi asilimia 30, kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na Marekani. Malipo ya kila usikilizwaji hayana bei moja. Fedha za nchi husika zinakusanywa, kisha zinagawanywa kwa kadiri ya sehemu yako ya usikilizwaji wote. Wasikilizaji wako wakiwa Tukuyu na Mafinga, wanaotumia huduma ya bure au bando la siku, fungu lenyewe ni dogo tangu mwanzo. Wengi hawasikilizi huko kabisa. Wanakwenda kwenye kibanda, kama vile pale Kabwe, Mbeya, wanajaziwa nyimbo kwenye flashi au memori kadi kwa bei ya soda, na mwenye kibanda ndiye anayekula.

Halafu mtandao wenyewe nao unarudi sebuleni. Wimbo hauendi Spotify kwa miguu yake. Unapita kwa msambazaji: DistroKid, ambayo unailipia kila mwaka, au CD Baby, ambayo unailipa mara moja kwa kazi na yenyewe inakata asilimia 9 ya mapato. Hapo inatakiwa barua pepe na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Nani mwenye kadi nyumbani? Binamu aliyeko Dar. Basi akaunti inafunguliwa kwa jina la binamu, kwa barua pepe ya binamu, na neno la siri analo binamu. Siku wakigombana kwa jambo lisilohusu muziki hata kidogo, tuseme kiwanja, nyimbo zote za familia ziko kwenye simu ya mtu asiyepokea simu. Au binamu hana ubaya wowote, ila mwaka huu hakulipa ada, na nyimbo zinashuka mtandaoni zenyewe. Kwa maoni yangu jambo hili linawaumiza wasanii wa huku kuliko lebo yoyote, na halizungumzwi kwa sababu halina mtu mbaya wa kumtaja.

Je, sheria inasemaje? Inasema mengi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wakitunga wawili pamoja, hiyo miaka 50 inaanza kuhesabiwa baada ya kufa wa mwisho. Haki inaanza pale kazi inapotungwa. Usajili ni wa kukusaidia siku ya ushahidi. Na wimbo una haki za aina mbili zinazotembea pamoja lakini si kitu kimoja: haki ya tungo, yaani maneno na tuni, na haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana zina sehemu yake maalumu ndani ya sheria hiyohiyo, na kuzitumia kibiashara kunataka kibali.

Chukua wimbo mmoja wa kawaida kabisa wa huku uone unavyochanganya. Kiitikio ni cha ngoma ambayo bibi aliicheza Kyela. Babu aliongeza beti mbili za Kiswahili kwa ajili ya kwaya ya usharika. Baba akaupanga kwa sauti nne. Binti akaubadilisha mwendo, akaandika beti ya tatu, akaenda nao studio mtaa wa Soweto, Mbeya, na prodyuza akautengenezea mdundo. Ukitoka unaandikwa jina la binti peke yake. Ukiniuliza ni wa nani nitakujibu: kiitikio si cha mtu mmoja, beti mbili ni za babu na warithi wake, mpangilio una mkono wa baba, beti ya tatu na mwendo mpya ni vya binti, na rekodi inategemea nani alilipa studio na walikubaliana nini na prodyuza. Hakuna kitu hapo cha kugombania kama kila mmoja ameandikwa fungu lake. Ni hesabu ya darasa la sita. Kinachoifanya iwe vita ni kwamba inafanywa baada ya hela kuingia.

Na hela huingia kwa aliyeandikwa. Januari 2022 COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iligawa mirabaha, yaani malipo ya kazi zao kutumika, ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ukigawanya kwa wastani ni kama laki tatu kwa mtu. Wengi walicheka, na kweli si fedha ya kujengea nyumba. Lakini mgawo ule ulipita kwenye kazi zenye wenyewe wanaojulikana. Wimbo wa “Familia ya Mzee Fulani”, hata ungepigwa redioni kila asubuhi, hauna mlango wa kuingilia kwenye orodha kama hiyo, maana hakuna mtu anayeitwa hivyo.

Najua jibu la wazee. Nimelisikia kwa upole na nimelisikia kwa ukali: familia si biashara, mtoto anayemwandikisha baba yake karatasi amekosa adabu. Nalielewa, na kwa upande mmoja wako sahihi. Kama kila posho ingepimwa kwa asilimia, yule mwenye mtoto mgonjwa asingepata kitu, na muziki wenyewe ungekufa, kwa sababu unaishi kwa watu kukubali kuitikia wimbo usio wao kwa miaka. Vijana wanaorudi kutoka Dar na msamiati wa menejimenti, wakitaka kumpa shangazi mkataba wa kurasa nane, wananichosha. Harusi za ndugu kijana ataimba bure na ni sawa aimbe bure. Hilo nalo ni malipo ya kinanda alichojifunzia.

Lakini wazee haohao hawana shida na karatasi kwenye mambo mengine. Shamba la ukoo lina mipaka inayojulikana, na likigawiwa wanaitwa majirani na mjumbe, kunaandikwa. Mahari inaandikwa. Michango ya msiba inaandikwa kwenye daftari hadi ya shilingi elfu moja, na daftari linatunzwa ili siku ya msiba wako urudishiwe. Uzinduzi wa albamu, ahadi ya mgeni rasmi inaandikwa na mwenyekiti anaifuatilia miezi sita. Sisi ni watu wa madaftari. Ni nyimbo tu zimeachwa nje ya daftari, na sababu yake, nadhani, ni kwamba kwa muda mrefu hazikuwa na thamani ya kuuzika nje ya siku zilipoimbwa. Sasa zinayo, hata kama ni ndogo, na thamani hiyo inaendelea miaka 50 baada ya mazishi.

Mzee akifa, ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa na kusainiwa, anapendekezwa msimamizi wa mirathi, karatasi zinapelekwa mahakama ya mwanzo. Mali zinaorodheshwa: nyumba, shamba la migomba, ng'ombe, pikipiki, salio la benki. Kinanda huwa kinaandikwa. Nyimbo arobaini alizopigia kinanda hicho haziandikwi, ingawa kisheria ni mali inayorithiwa sawasawa na nyumba, na baada ya miaka miwili utakuta wajukuu watatu wamezirekodi kila mmoja kwa jina lake, wanatukanana mitandaoni.

Kikao hicho kinaweza kukaa mzee akiwa hai, siku ya kawaida, bila mwanasheria. Daftari la kaunta linatosha: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alitunga tuni, nani aliupanga, ulirekodiwa wapi na nani alilipa, akaunti ya mtandaoni iko kwa barua pepe ya nani. Mzee atakumbuka vitu ambavyo hakuna mwingine anayevijua. Atasema huu niliuchukua kwa rafiki yangu wa Itumba, andikeni jina lake. Wimbo unaogombaniwa na watu wawili uandikwe wote wawili na wagawane nusu kwa nusu, kwa maana nusu iliyoandikwa inazidi kesi. Prodyuza naye aitwe aseme alichokubaliana nacho, kabla hajauza mdundo uleule kwa mtu wa Songea. Nakala apelekewe binamu wa Dar, na neno la siri lirudi nyumbani.

Litabaki suala la kwaya. Nyimbo nyingi za mzee zilitungwa akiwa mwalimu wa usharika, zikaimbwa na watu thelathini waliochangia nauli na sare, na zilirekodiwa kwa sadaka. Kwaya itasema rekodi ni yake, na kwenye rekodi ina haki ya kusema hivyo. Tungo ni jambo jingine. Hilo halimalizwi sebuleni. Ni la kupeleka kwenye baraza la wazee wa kanisa, na ni heri alipeleke mzee mwenyewe.